Machakos Yauza Mchana, Usiku Wanauza Wengine

Tangu Januari 2023 Mkenya haombi tena viza ya kwenda Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na mawakala wa safari wa Nairobi hawakulala. Ziara inayopigiwa debe ni ile ile: unapanda Table Mountain jijini Cape Town, unashinda kutwa katika mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch, kisha unakodi gari na kufuata barabara ya pwani kuelekea mashariki. Ni likizo nzuri kwa anayeimudu. Lakini mlima, mvinyo na njia ya kuteremkia baharini vyote vipo pia Ukambani, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Nairobi, na hakuna anayeviuza kwa pamoja.

Tuanze na mlima. Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo, una urefu wa mita 2,145 na ni mbuga ya taifa tangu 1967. Barabara ya gari inapanda msituni hadi kileleni, nyati wakiwa jirani, na njiani lipo kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki ardhi kubwa sehemu hizo enzi za ukoloni. Chini yake Mto Athi unaporomoka kwenye Fourteen Falls. Ukija upande wa mji wa Machakos kuna vilima vya Iveti na Mua, kuna miamba ya Lukenya wanakofanyia mazoezi wapanda miamba, na kuna Kituluni, mahali ambapo maji yakimwagwa barabarani huonekana kupanda mlima. Watu huja na chupa zao, wanamwaga, wanapiga picha, wanacheka, wanaondoka.

Wanaondoka. Hapo ndipo ilipo hesabu ya utalii wa kaunti hii. Machakos ni soko la mgeni wa siku moja: basi la shule, safari ya chama, vijana wa kanisa, familia iliyotoka Nairobi Jumapili kula nyama choma. Bustani ya People's Park, iliyofunguliwa mwaka 2014 wakati wa Gavana Alfred Mutua, iliongeza wageni wa aina hiyo hiyo. Mgeni wa siku moja hununua mafuta, soda, kilo ya mbuzi na pengine kinyago cha Wamunyu. Anayelala hununua hayo yote, tena analipia chumba, chakula cha jioni na cha asubuhi, na pengine anamlipa kijana wa kumtembeza. Vitanda vingi vya hoteli za Mavoko na mjini Machakos hujazwa na warsha za wizara na mashirika, Jumatatu hadi Ijumaa. Serikali ikitangaza kubana matumizi, mwenye hoteli ndiye wa kwanza kupata baridi.

Mji wa Machakos una historia ndefu ya kupitwa. Ulianzishwa 1887 na ukawa kituo kikuu cha utawala wa Waingereza bara, lakini reli ikapita kando, na mwaka 1899 John Ainsworth akahamishia ofisi zake Nairobi. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria katikati ya 2017, haikuufidia: vituo vilivyo karibu ni Athi River na Emali. Treni hiyo iliondoa abiria wengi kwenye Barabara ya Mombasa, na wenye mikahawa ya Mtito Andei wanalijua hilo vizuri. Hata hivyo nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na familia ya watu watano yenye gari lake sasa inapiga hesabu upya. Barabara ya juu inayotoka Westlands hadi Mlolongo, iliyofunguliwa 2022, nayo imepunguza ule msongamano uliokuwa ukiwakatisha watu tamaa kabla hata ya kutoka mjini.

Kwa msafiri huyo mwenye gari, jiolojia imeshachora njia. Uwanda wa Yatta, unaoanzia karibu na Ol Donyo Sabuk na kuishia ndani ya Tsavo Mashariki, ni mkondo wa lava ya kale wenye urefu wa karibu kilomita 300, mojawapo ya mirefu zaidi duniani. Mto Athi unaufuata ubavuni, unaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha unaitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mtu anaweza kuyatazama maji yakiporomoka Fourteen Falls, alale Yatta, ashuke kwa Barabara ya Mombasa hadi Voi, akate mbuga ya Tsavo Mashariki hadi lango la Sala, na kuyakuta maji yale yale Malindi. Kutoka hapo ni Watamu, magofu ya Gede, Kilifi na Mombasa. Asiyetaka kubanana na malori ya kontena tangu asubuhi anaweza kupitia Wote na kutokea Makindu, ambako hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 huwapa wasafiri chakula bila malipo. Hakuna hoteli inayoweza kushindana na bei hiyo.

Mvinyo ndio sehemu inayohitaji kutazamwa kwa makini. Kenya si nchi ya mizabibu. Kampuni ya KWAL, iliyoanzishwa 1969, kwa miaka mingi ilitegemea bidhaa za kuagiza na mvinyo wa matunda kama mapapai, na jina la Kenya linalojulikana zaidi kwenye chupa ya zabibu ni Leleshwa, ya huko Naivasha. Lakini mizabibu ya mvinyo imepandwa Yatta pia, na jina la Yatta limeshafika kwenye chupa. Sababu si ngumu kuziona. Ni nchi kavu yenye jua, ukungu hausumbui sana majani, na mkulima wa Matuu na Kithimani amezoea kumwagilia. Mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya Mto Thika, ulichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau waliolazimishwa kazi, na ndio uliogeuza sehemu hiyo kuwa shamba la mishiri na mboga za kuuzwa Ulaya.

Karibu na ikweta mzabibu haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huulaza kwa kuupogoa. Dodoma wanafanya hivyo na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mkoa huo ulipata mizabibu kupitia wamisionari na leo una viwanda, una zabibu yake ya Makutupora, na bado wakulima hulalamika kila msimu kwamba zabibu zinaoza kwa kukosa mnunuzi. Machakos ijifunze hapo: mvinyo wa bei ya chini hautashinda ule unaoletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Ushuru wa pombe, ambao tangu mwisho wa 2024 hukokotolewa kwa kiwango cha kileo kilichomo, haumbagui mkulima mdogo wala kumwonea huruma. Chupa ya Yatta itapata faida ikinyweka Yatta, mezani, pamoja na mbuzi choma na maembe, mnunuzi akiuona mzabibu wenyewe.

Kisha kuna jambo moja ambalo wenye hoteli wangepaswa kulishangilia. Aliyeonja mvinyo hapaswi kushika usukani, hasa kwenye barabara yenye sifa mbaya kama ile ya Salama na Sultan Hamud. Lazima alale. Katika vivutio vyote nilivyovitaja, huo peke yake ndio unaouza kitanda. Mlima hauuzi, watu wanaupanda asubuhi na saa kumi jioni wako Thika wakinywa chai.

Kinachozuia ni karatasi zaidi kuliko udongo. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo Wakenya waliibatiza jina la mbunge aliyeiwasilisha, Mututho, inairuhusu baa ya kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Ni saa za mlevi wa mtaani. Mgeni wa shambani huonja mvinyo saa tano asubuhi. Mamlaka ya kutoa leseni za pombe yako mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi, na shughuli ya kuonjesha mvinyo shambani haihitaji mabilioni wala mwekezaji wa kigeni. Inahitaji leseni ya daraja la shamba, yenye ada ambayo mwenye ekari mbili anaweza kuilipa, masharti ya chakula na malazi, na saa zinazolingana na kazi yenyewe.

Kampuni ya Everstrong Capital ya Marekani ilipendekeza barabara kuu ya kulipia ya kilomita 440 kati ya Nairobi na Mombasa. Ikijengwa, magari yatapita Machakos kwa kasi kubwa zaidi, na asiyekuwa na sababu ya kutoka barabarani hatatoka. Bunge la kaunti lisisubiri lami hiyo imwagwe ndipo lianze kujadili leseni.