MAFUNDI WALILINDA MAWE, NANI ALILINDA IMANI?



Mtu akirudi kutoka safari ya mbali, watu wa nyumbani humwuliza maswali mawili: Umeona nini? Na umekula nini? Nami nimeulizwa hayo mara nyingi tangu niliporudi kutoka Uskoti, nilikokwenda kumtembelea dada yangu. Yeye ni muuguzi katika mji wa Glasgow, naye akaa huko pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja. Niliona kanisa la kale sana, na nikala mkate wenye nyama. Na baina ya kanisa lile na mkate ule lilizuka swali la kijana mmoja, swali ambalo kila mzazi mwenye watoto shuleni yafaa alisikie.

KANISA LA MTAKATIFU MUNGO

Glasgow ndio mji wenye watu wengi kupita miji yote ya Uskoti. Umejengwa kando ya mto Clyde, ambako zamani viwanda viliunda meli nyingi zilizosafiri bahari zote za dunia. Mvua hunyesha mara kwa mara, nyembamba na ya baridi, wala hakuna anayeishangilia kama sisi tunavyoishangilia yetu.

Mwenye kuheshimiwa kuwa baba wa mji huo ni askofu, Mtakatifu Kentigern, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya saba. Watu walimpenda hata wakampa jina la Mungo, maana yake Mpendwa. Sikukuu yake ni Januari 13. Nembo ya mji ina ndege, mti, kengele na samaki mwenye pete mdomoni, na vyote vinne vyatoka katika hadithi za mtakatifu huyo. Katika hadithi ya samaki, mfalme alitupa mtoni pete ya malkia ili apate sababu ya kumshitaki, naye malkia akamwendea Mungo akilia. Mungo akamtuma mtawa kuvua samaki, na pete ikaonekana ndani ya samaki wa kwanza.

Kanisa Kuu limesimama mahali ambapo, kwa mapokeo ya wazee, mtakatifu huyo alizikwa. Kanisa la mawe lilitabarukiwa pale mwaka 1136, mbele ya Mfalme David I, na sehemu kubwa ya jengo tunaloliona leo ilijengwa tangu karne ya kumi na tatu. Mawe yake yameingia weusi kwa moshi wa viwanda vya zamani. Kwa kuwa kiwanja ni mteremko, waashi walijenga kanisa juu ya kanisa: unashuka ngazi, unakuta nguzo nyingi kama msitu, na katikati yake kaburi la Mungo. Nilipiga goti pale, nikawataja wagonjwa wa kijiji chetu mmoja mmoja.

Mimi niliyepita chuo cha ualimu nilifurahi pia kusikia kwamba Chuo Kikuu cha Glasgow kilianzishwa kwa hati ya Baba Mtakatifu Nikolasi V, mwaka 1451, na masomo yake ya kwanza yalifanyika katika Kanisa Kuu hilo. Kanisa na shule ni ndugu tangu zamani.

MAFUNDI WALISIMAMA IMARA

Mwaka 1560 Bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Baba Mtakatifu na kupiga marufuku Misa. Askofu Mkuu wa Glasgow, James Beaton, alikimbilia Ufaransa pamoja na hati na vyombo vya thamani vya kanisa. Siku zile altare zilivunjwa na sanamu zikatupwa, na makanisa mengi yakaachwa bila mapaa. Kanisa kuu la St Andrews, lililokuwa kubwa kupita yote ya nchi hiyo, leo ni kuta zilizosimama wazi kwa upepo.

Mbona la Glasgow lilipona? Masimulizi ya zamani husema kwamba karibu mwaka 1579 ilitolewa amri libomolewe. Vyama vya mafundi wa mji viliposikia, watu wakaacha kazi zao, wakaja na silaha kulizunguka kanisa, wakaapa kwamba atakayeng'oa jiwe la kwanza hataondoka salama. Ikawa heri kuliacha. Hivyo ndilo kanisa kuu la pekee la zama zile katika bara la Uskoti lililopita mageuzi hayo karibu zima, pamoja na paa lake.

Leo ndugu zetu Wapresbiteri ndio wasalio humo, na serikali hulitunza jengo. Mgeni haingii kwa malipo, ila mwenye moyo hutia sadaka.

Nje, uwanjani, utakuta sanamu ya David Livingstone, aliyesomea utabibu mjini humo kabla ya kuja Afrika. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, wafuasi wake Susi na Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha maiti, wakaichukua mwendo wa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Hapo ililazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Nilimweleza mpwa wangu kwamba mtu wa sanamu ile, aliyekuwa Mprotestanti, alipata hifadhi katika misheni ya Wakatoliki nchini kwetu. Akasema, "Shuleni hawakutuambia hayo, Mjomba."

MKATE WENYE NYAMA

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu mpaka mkahawa mmoja ambao vijana wa mji wanausifu sana. Tulikuta watu wamepanga foleni nje, mvuani, wakingoja nafasi kwa uvumilivu mkubwa. Ndani, kuta ni za matofali yasiyopigwa lipu, na taa zaning'inia kwa nyaya tupu. Kwetu mtu akiacha nyumba hivyo, jirani hujua saruji imemwishia. Kule ndio urembo wenyewe, na fundi hulipwa kwa hilo!

Chakula chenyewe ni baga. Wako wanaodhani ni nyama ya nguruwe kwa sababu ya jina lake la hambaga, lakini sivyo. Jina latokana na mji wa Hamburg, Ujerumani. Nyama ya ng'ombe husagwa, ikafinyangwa kuwa duara nene, ikachomwa juu ya bamba la chuma lenye moto mkali, kisha ikatiwa katikati ya mkate wa mviringo pamoja na jibini, kitunguu na achari. Huletwa juu ya sinia la bati lililotandikwa karatasi, pamoja na chipsi. Hakuna kisu wala uma: watu wala kwa mikono, na mchuzi wawatiririka mpaka viwikoni. Sikuona shida hapo, maana nimezoea kula kwa mkono. Watoto walikunywa soda ya huko iitwayo Irn-Bru, yenye rangi ya chungwa, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901.

Ukutani waliandika nyama yatoka shamba gani. Uskoti ni nchi ya ng'ombe mashuhuri, hasa wale weusi wasio na pembe waitwao Aberdeen Angus. Mwaka 1996, baada ya ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe kuwatia watu hofu, na nyama ya Uingereza kuzuiwa isiuzwe nchi za nje, ilitakiwa kila ng'ombe awe na hati yake ya kuonyesha alikozaliwa na alikohamia, na hereni zenye namba masikioni. Na karibu na mlango wa mkahawa kulibandikwa cheti cha wakaguzi wa afya, kuonyesha kwamba jiko limepita. Wenye mikahawa ya stendi zetu wangefanya hivyo, matumbo yetu yangeshukuru.

Na bei? Baga moja ilikuwa zaidi ya pauni 10, yaani zaidi ya shilingi 30,000 za kwetu. Nilikuwa nikihesabu kuku moyoni huku nikitafuna. Lakini siwadanganyi, ilikuwa tamu.

SWALI LA KIJANA

Chakula kilipofika, dada yangu alifanya ishara ya Msalaba. Mdogo akamfuata. Mkubwa, mwenye umri wa miaka 15, alitazama kwanza meza za jirani, ambako vijana wa rika lake walikuwa wakipiga picha chakula chao, kisha akainamisha kichwa tu, mikono ikiwa chini ya meza. Mama yake aliona. Hakusema neno, lakini uso wake ulibadilika. Nami nikaelewa kwa nini alikuwa amenisihi sana katika barua zake nije nizungumze na mwanawe.

Sikumkemea. Baadaye kidogo akaanza mwenyewe. "Mjomba, wale mafundi walilinda mawe. Lakini Misa ilikwisha hata hivyo. Sasa walilinda nini? Na wenzangu darasani wengi hawasali kabisa, wala hawaonekani kupungukiwa na kitu."

Swali hilo si la utukundu. Katika hesabu ya watu wa Uskoti ya mwaka 2022, watu 51 katika kila 100 waliandika kwamba hawana dini. Wakatoliki walikuwa 13 katika 100. Kijana wetu huenda shule kila siku katikati ya watu hao, na wengi wao ni watu wema na wapole.

Nikamjibu hivi. Ni kweli, mafundi walilinda mawe, nasi tuwashukuru, kwa maana leo umeweza kupiga goti pale alipozikwa Mungo. Lakini imani haikulindwa na mawe. Padre Myesuiti John Ogilvie alinyongwa mjini humu humu mwaka 1615, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 1976. Katika visiwa vya Barra na South Uist wavuvi na wakulima walishika imani ya Kikatoliki, mapadre wakiwa haba, na wazazi wakawafundisha watoto sala nyumbani. Huko milimani, mahali paitwapo Scalan, palikuwa na seminari ndogo iliyofichika, tangu 1716 mpaka 1799, na zaidi ya mapadre 100 walipata mafunzo humo. Vijana wale wa seminari walitoka wapi? Walitoka katika nyumba ambamo baba na mama walisali na watoto wao. Mwaka 1816 kanisa la Mtakatifu Andrea lilikamilika kando ya mto Clyde, na ndimo tuliposali Jumapili ile, Waafrika, Wahindi, Wapolandi na Waskoti katika benchi moja.

"Kwa hiyo," akasema kijana, "kama sisi tusiposali nyumbani, kanisa litabaki kama lile, zuri na la kutembelewa." Nikamwambia, "Wewe umesema." Hakuongeza neno, akamaliza chipsi zake.

NASI JE?

Wazazi wapenzi, msiseme hayo ni ya Ulaya. Mimi ni karani wa parokia, na vitabu vya ubatizo viko mikononi mwangu. Naandika majina mengi kila mwaka. Kisha wakati wa Kipaimara nafungua vitabu vile vile, nami natafuta watoto niliowaandika, na wengine siwaoni. Hakuna Bunge lililowakataza. Walikua tu katika nyumba ambamo hakuna aliyewaita kusali.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni sala ya jioni mkekani, baraka kabla ya ugali, na mtoto mmoja kusoma Injili wakati mboga ingali jikoni. Havihitaji fedha. Vyahitaji baba awe nyumbani kabla watoto hawajalala, na simu ziwekwe kando kwa robo saa.

Dada yangu na mumewe wamekwisha kuanza hivyo. Kila Ijumaa jioni mtoto mmoja husoma, mwingine huongoza sala, na simu zote hutiwa katika kikapu, pamoja na ya baba. Dada ameniandikia kwamba mkubwa hunung'unika anapoona kikapu, lakini zamu yake ikifika husoma kwa sauti ya kusikika. Hilo latosha kwa sasa.

Katika parokia yetu tumeanza kuchanga kwa ajili ya paa la kanisa, na ni vema kila mtu atoe. Ila mtakapoleta mabati yenu, leteni na watoto. Mimi nitaandika majina ya waliochanga kwa wino mzuri, lakini kitabu changu hakiwezi kusali kwa niaba ya mtu.