Somo la Afya: Jinsi Nimonia Inavyoharibu Mishipa ya Damu ya Mapafu

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza habari za nimonia, ugonjwa ambao wengi huuita kichomi.

Vuta pumzi. Hewa imepita puani, ikashuka kooni, ikaingia mapafuni. Humo mna vifuko vya hewa vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Ndani ya mishipa hiyo mna utando wa chembe zilizopangwa safu moja tu, kila chembe imeshikana na jirani yake. Utando huu hupitisha hewa safi iingie katika damu, lakini huzuia maji ya damu yasitoke ovyo.

Wavuvi wa Musoma wanaujua wavu wa dagaa. Hupitisha maji, hushika dagaa. Lakini ukichanika, dagaa hurudi ziwani. Utando nao ni hivyo hivyo.

Bakteria wa nimonia wakiingia mapafuni hutoa sumu, na sumu hiyo hutoboa chembe za utando. Mwili nao hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Askari hawa huwaua bakteria, lakini silaha zao huuumiza utando pia. Chembe zilizoumia husinyaa na kuachana. Maji ya damu huvuja, yakajaa katika vifuko vya hewa. Pengine damu yenyewe hupenya, na makohozi yakawa na rangi ya kutu. Sasa hewa haina pa kupita. Mgonjwa amelala kitandani, lakini ni kama mtu anayezama ziwani.

Utaitambuaje nimonia? Dalili zake ni homa, kikohozi, maumivu ya kifua na kuhema upesi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 au zaidi, mpeleke zahanati. Wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, hiyo ni hatari kubwa.

Usingoje kesho. Dawa huua bakteria, lakini utando uliochanika huhitaji siku nyingi kujijenga upya. Ukichelewa, kazi huwa kubwa zaidi. Aliye kisiwani Rukuba na aanze safari mapema, kwani ziwa likichafuka halina huruma. Tena dawa imezwe mpaka dozi iishe, hata kama homa imeshuka.

Kinga ipo. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa chanjo ya nimonia bila malipo, wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Maswali ya darasani:
1. Utando wa mishipa ya mapafu una kazi gani?
2. Kwa nini vifuko vya hewa hujaa maji?
3. Mtoto wa miaka 2 anavuta pumzi 46 kwa dakika. Utafanya nini?