Dunia ni Familia Moja: Fikra za Odera Oruka na Mto Ruvu

Kamati zetu zikipokea msaada huandika barua ya shukrani, na jambo huishia hapo. Lakini je, msaada ni hisani tu, au ni deni? Swali hili lilimshughulisha sana mwanafalsafa Mkenya, Profesa Henry Odera Oruka (1944–1995) wa Chuo Kikuu cha Nairobi, anayejulikana pia kwa utafiti wake juu ya hekima ya wazee wa vijijini.

Mfano wa watoto sita

Mwaka 1974 Mmarekani Garrett Hardin alizifananisha nchi tajiri na mashua ya kuokolea watu iliyokaribia kujaa: ukiwapandisha maskini wote, mtazama pamoja. Oruka hakukubali. Katika makala yake ya mwaka 1993 aliifananisha dunia na familia ya watoto sita. Wawili wana mali, na mmoja wao ni tajiri mno. Wanne ni maskini, na watatu kati yao ni hohehahe. Wanatofautiana kwa juhudi, vipaji na bahati, lakini wamelelewa na mzazi mmoja. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kuwa alichonacho ni jasho lake peke yake. Juhudi ya mtu iheshimiwe, ila deni la familia hutangulia.

Hapo Oruka aliunganisha mambo matatu: asili ya vitu vyote, yaani hakuna kiumbe kinachojitegemea, mazingira, maana ardhi ndiyo inayotulea, na haki katika jamii.

Tuangalie Vigwaza

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, hupita maeneo yetu na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini husafisha maji yake kwa ajili ya Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro nayo hupeleka mkaa mjini. Mti ukikatwa huku, chakula hupikwa kule. Oktoba 2022 mto ulipungua kwa ukame, na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji.

Kwa mfano wa Oruka, mkulima, mfugaji, mchoma mkaa na mnunuzi wa mjini ni ndugu. Si haki kumlaumu mchoma mkaa peke yake, wakati anayeutumia hachangii hata mche mmoja. Mchoma mkaa naye hawezi kusema msitu ni wake, maana chanzo cha maji kikiharibika wote wataumia.

Kwa wafadhili, maana yake ni kutoa kwa heshima, kama ndugu. Kwa kamati, ni kutoa hesabu za kweli na kuutunza mto kama mali ya familia.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, nani hufaidika na msitu bila kuutunza?
2. Sisi wenyewe tunadaiwa nini na walio chini ya mto?