Majira ya Farasi Jike Kushika Mimba

Katika nchi za baridi kama Uingereza, siku zinapokuwa fupi farasi jike hana haja ya dume kabisa, mpaka mchana urefuke tena. Wafugaji wa huko hujua kumdanganya kwa taa: akipata mwangaza wa saa 16 kila siku kwa muda wa miezi miwili hivi, hutaka dume kabla ya majira yake.

Nairobi, iliyo karibu na Ikweta, urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu. Kwa hiyo wengi hudhani farasi wa hapa aweza kushika mimba mwezi wowote. Ni kweli, ikiwa ameshiba. Aliyekonda kwa ukame huenda asitake dume hata kidogo.

Basi mwenye farasi na ahesabu miezi. Mimba huchukua siku 340 hivi. Jike akipandwa mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imekwisha otesha majani, atazaa Aprili ya mwaka wa pili, naye atakuwa na maziwa tele. Akipandwa Machi, atazaa Februari katika jua kali. Atanyonyesha huku anakonda, na pengine mwaka ule asishike mimba nyingine.

Haja ya dume hudumu siku tano hata saba, na hurudi kila baada ya siku 21. Aliyezaa huitaka tena baada ya juma moja hivi. Lakini kama alizaa kwa taabu, ni afadhali kungoja zamu ya pili.