Kisima cha Msikiti Mkuu wa Gede: Maji Yaliposhuka

Gede haina mto. Mji huo wa kale katika Kaunti ya Kilifi, uliozungukwa na kuta mbili, uko takriban kilomita 6 kutoka baharini, na wakazi wake walikunywa maji ya visima vilivyochongwa katika mwamba wa matumbawe. Kinachojulikana zaidi kiko kando ya Msikiti Mkuu. Maji yalitekwa kwa ndoo na kamba, yakamiminwa katika mfereji mdogo hadi kwenye birika la kutawadhia.

Msikiti huo ulijengwa karne ya 15, wakati Gede ilipokuwa imenawiri. Vyombo vya kauri kutoka Uchina na shanga kutoka mbali vilivyofukuliwa hapo vinaonyesha utajiri wake, lakini biashara hiyo yote ilitegemea ndoo ya maji. Mgeni anayezuru magofu hupiga picha za kasri na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, kisha akakipita kisima. Hapo hukosa sehemu nzuri ya hadithi.

Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gede mwaka wa 1948, aliona kwamba kisima cha msikiti kiliongezwa kina. Watu hawachimbi mwamba kwa mara ya pili bila sababu: maji yalikuwa yameshuka. Kushuka huko kunatajwa miongoni mwa sababu zilizofanya mji uhamwe mwanzoni mwa karne ya 17, pamoja na vita na kuhama kwa biashara pwani.

Kwa nini maji yashuke? Mvua ikinyesha pwani, hupenya kwenye mwamba wenye matundu na kukaa chini ya ardhi. Maji ya bahari nayo hupenya kutoka upande wa pili. Kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi, maji baridi huelea juu yake, mithili ya mafuta juu ya mchuzi. Wanajiolojia hukadiria kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Basi maji yakishuka mita 1 tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda takriban mita 40. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kisima kilichokuwa kitamu huweza kugeuka chumvi bila mwenyewe kuona mabadiliko makubwa ya kina.

Hali hiyo haikuishia karne ya 17. Mwamba wa pwani ni uleule, na pampu huvuta maji kwa kasi ambayo ndoo na kamba hazikuweza. Visima viwili vya mashine vilivyo karibu hunywa kutoka chombo kimoja, hata kama vimetenganishwa na ukuta. Ndiyo sababu anayetaka kuchimba kisima cha mashine hutakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuanza kazi, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016. Maji ya bomba yanayofika Malindi, Watamu na Kilifi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya Mto Sabaki, si kwenye mwamba wa matumbawe.

Magofu ya Gede yanatunzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na Julai 2024 UNESCO iliyaweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lango lipo karibu na barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kwenye njia ya kwenda Watamu. Kisima kiko nje ya msikiti, na wazazi wanaofika na watoto wadogo wanashauriwa wawashike mikono, kwani shimo ni refu.