Duka la dawa la mtaani limekua, lakini si zahanati

Mtoto akipata homa usiku, wazazi wengi huanzia duka la dawa la jirani. Liko karibu, halina foleni, na muuzaji anajulikana kwa jina.

Zamani maduka hayo yaliitwa ya dawa baridi. Kisheria yaliuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, kama za maumivu na mafua. Antibaotiki nazo ziliuzwa humo, chini ya meza, mara nyingi na mtu asiyejua kipimo cha mtoto. Kuyafunga yote kungewaacha watu wa vijijini bila dawa, maana famasi zenye mfamasia zilikuwa mijini.

Mwaka 2003 ikajaribiwa njia nyingine mkoani Ruvuma. Mwenye duka afundishwe, mtoa dawa apate mafunzo ya wiki kadhaa, jengo likaguliwe, ndipo duka liruhusiwe kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti. Likaitwa Duka la Dawa Muhimu. Kutoka Ruvuma mpango ulienea Tanzania Bara, yakawa maelfu, na baadaye Uganda na Liberia zikaanzisha maduka ya aina hiyo.

Jambo kubwa kwa mzazi ni kwamba watoa dawa walianza kufundishwa kumtazama mtoto, si kuuza tu. Malaria, nimonia na kuhara ndiyo yaliyopewa uzito, na pia wakati wa kumwambia mama: huyu mpeleke kituo cha afya sasa hivi. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au anayepumua haraka huku kifua kikibonyea, si wa kutibiwa dukani.

Hapo ndipo penye mtihani. Duka huishi kwa mauzo, na mtoa dawa akimwelekeza mgonjwa zahanati hapati kitu. Wazazi nao humsukuma: "Nipe ya elfu moja tu." Amoksilini ya elfu moja huenda isitoshe hata siku mbili. Homa inashuka, vijidudu vilivyobaki vinazoea dawa, na safari ijayo dawa ileile haifanyi kazi. Isitoshe, homa si malaria kila mara. Bila kupimwa, dawa mseto inaweza kupewa mtoto mwenye nimonia.

Kwa kuhara, duka hilohilo lina msaada mkubwa na wa bei nafuu: ORS na vidonge vya zinki. Wengi huacha zinki choo kikikaza. Haitakiwi, humezwa siku 10 hadi 14.

Anayekwenda dukani abebe kadi ya kliniki, kwa sababu kipimo hutegemea umri na uzito. Atazame kibali ukutani, aulize dawa inaitwaje na inatolewa mara ngapi kwa siku, na aombe iandikwe kwenye pakiti kabla ya kulipa.