Mashudu ya alizeti yanafaa kwa nguruwe wa kilimo hai, ila kwa masharti
Na Mwandishi Wetu, Kiomboi

UKIIACHA barabara kuu ya Singida–Nzega pale Misigiri na kushika njia ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, unaingia katika nchi ya alizeti. Baada ya mavuno mashine ndogo za kukamua hunguruma, mafuta yakitoka upande mmoja na mashudu upande mwingine. Mafuta huliwa hapa hapa nchini. Mashudu, kwa kiasi kikubwa, huuzwa nje, zikiwamo Kenya na India, kuwa chakula cha mifugo ya wengine.

Je, yangebaki, yangeweza kumlisha nguruwe wa kilimo hai, yaani yule ambaye hata chakula chake kimelimwa bila mbolea wala dawa za viwandani? Yanaweza, lakini si kwa kumwaga gunia kwenye hori na kuondoka.

Tuanze na mashine. Viwanda vikubwa duniani huyaondoa mafuta ya mwisho kwa kimiminika kiitwacho heksani, na kanuni za kilimo hai huyakataa mashudu ya namna hiyo. Mashine ndogo hukamua kwa mgandamizo tu, hivyo mashudu yake hupita mtihani huo pengine bila mwenyewe kujua. Tatizo ni kwamba mashine haiulizi mbegu imetoka shamba gani. Alizeti iliyopuliziwa dawa na isiyopuliziwa zikishamwagwa pamoja, hakuna awezaye kuzitenganisha. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa mwaka 2007 pamoja na alama ya Kilimohai, kimejengwa juu ya ukaguzi na kumbukumbu. Mfugaji hana budi kukamulisha mbegu za mashamba yaliyokaguliwa peke yake, mashine ikiwa imesafishwa kwanza.

Kisha liko tumbo la nguruwe, ambalo si tumbo la ng'ombe. Mashudu ya mbegu zisizokobolewa yana maganda mengi, na nguruwe, hasa mdogo, hawezi kuyasaga vema. Protini yake nayo ina upungufu wa laisini, kiini kinachojenga nyama: ukilinganisha protini kwa protini, alizeti ina zaidi kidogo ya nusu ya laisini iliyomo katika soya. Mfugaji wa kawaida huziba pengo hilo kwa laisini ya kiwandani. Wa kilimo hai haruhusiwi. Atachanganya mashudu na pumba za mahindi, dagaa, au soya iliyokaangwa, nayo soya iwe ya kilimo hai. Majike wakubwa huyavumilia maganda. Watoto walioachishwa kunyonya wapewe kidogo sana. Anayelisha mashudu matupu huishia kuwa na nguruwe waliodumaa, na hasara ni yake.

Mafuta yanayobaki humo nayo yana mambo yake. Yakizidi katika lishe, mafuta ya nguruwe huwa laini mno, jambo ambalo wachinjaji hawalipendi. Tena mashudu huchacha upesi, na yakipata unyevu huota ukungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta sumukuvu katika mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mikoa kadhaa nchini.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kukusanya makombo ya migahawa. Hapo hatari ni kubwa kuliko zote. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, husafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe na haina tiba. Makombo yasiyochemshwa kwa walau nusu saa yanaweza kumaliza banda zima.

Limebaki swali la mnunuzi. Mlaji wa kitimoto mjini huuliza kama nyama imeiva na kama pilipili ipo. Ni nadra kuuliza nguruwe alikula nini. Kabla ya kulipia ukamuaji wa pekee na ukaguzi, mfugaji wa Kiomboi anahitaji kumpata yule anayeuliza.